Ukijikaza kisabuni, uchungu huenda wapi?

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali moja kabla chai yako ya Jumapili haijapoa. Mara ya mwisho ulipopatwa na jambo la kukuvunja moyo, watu wako walikuambia nini? Bila shaka walikuambia ujikaze. Kwetu hapa Kenya hiyo ndiyo dawa ya kila maradhi ya moyo. Mtoto akianguka na kuchubuka goti huambiwa ajikaze. Mjane akilia kaburini huambiwa ajikaze. Mwanafunzi akianguka mtihani huambiwa ajikaze, tena kisabuni.

Nami nilikuwa miongoni mwa wagawaji wakubwa wa dawa hiyo, hadi yaliponifika nyumbani kwangu hapa Juja.

Ninaishi upande wa Gachororo pamoja na mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, ambaye anasoma katika chuo kimoja jijini Nairobi. Jina la chuo hicho nitalihifadhi. Alikuja kukaa kwangu kwa sababu kodi ya nyumba jijini ingemmaliza, na tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe, kazi iliyokamilika mwaka wa 2012, mtu hupanda matatu hapa Juja na kufika mjini kabla hajalimaliza gazeti lake, mradi msongamano umhurumie.

Jioni moja nilikuwa nikikatakata sukumawiki alipoingia. Hakunisalimu. Alivua viatu, akajilaza kwenye kochi na kuuelekeza uso ukutani. Nilipomuuliza kulikoni, alininyoshea simu yake nisome mwenyewe. Matokeo ya mtihani yalikuwa yametoka. Somo moja alikuwa ameanguka. Jingine halikuwa na alama yoyote. Mahali pa nambari palikuwa na kistari kitupu. Maana yake ni kwamba jina lake halingeonekana katika orodha ya watakaohitimu, na kule nyumbani Nyandarua Baba alikuwa ameuza ng'ombe wa maziwa ili karo ya mwaka huo wa mwisho ipatikane.

Sasa sikiliza ushauri wa dada mtu mwenye busara zake. "Jikaze," nikamwambia. "Wewe ni mwanamume." Kisha nikairudia sukumawiki yangu.

Naye akajikaza. Lo! Alijikaza siku nne mfululizo. Aliamka, akaoga, akanywa chai, na kila alipoulizwa hali alijibu kwamba yuko sawa. Usoni hakuonyesha lolote. Lakini usiku nilimsikia akigeukageuka hadi alfajiri, na chakula alikichokoachokoa tu. Baba alipopiga simu, kijana aliongea naye kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Siku ya nne nilitoka kazini nikamkuta ameketi gizani, taa hajawasha, na stima zilikuwepo. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilianza kujiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza siku ya kwanza: mtu akijikaza, ule uchungu huenda wapi?

Jibu lipo, na limechunguzwa kwa vipimo. Mwaka wa 1998 mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford, nchini Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mpenzi wa neno "jikaze" angefaa kulisikia. Aliwaonyesha wanafunzi 120 filamu fupi ya kutia kinyaa, ambamo madaktari walikuwa wakimkata mgonjwa mkono. Kundi la kwanza liliambiwa litazame tu. La pili liliambiwa lifiche hisia zake, hata mtu akiwaangalia wanafunzi hao asiweze kujua wanahisi nini. Huko ndiko kujikaza kwetu. Kundi la tatu liliambiwa liitazame filamu ile ile kwa jicho jingine, kwa utulivu, kama mtu anayefuatilia namna kazi ya upasuaji inavyofanywa.

Wale waliojikaza walifaulu kuzituliza nyuso zao. Lakini kinyaa walichohisi moyoni hakikupungua, na miili yao ilihangaika kuliko ya wale waliotazama tu. Vyombo vilionyesha mishipa ya damu ya vidoleni ikijibana zaidi. Kundi la tatu, lile la jicho jingine, lilihisi kinyaa kidogo, na miili yao haikulipa gharama hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 2000, Gross na mwenzake Jane Richards walionyesha jambo jingine ambalo wanafunzi wanaosoma ukurasa huu walitie maanani: mtu anayeshughulika kuficha hisia zake hukumbuka vibaya yale anayoambiwa wakati huo. Akili yake iko kazini, inalinda mlango.

Basi, uchungu uliokazwa hauendi popote. Unakaa ndani, na mwenye nyumba ndiye anayelipa kodi.

Hilo jicho jingine ndilo ninalotaka tulizungumzie leo. Nitaliita kulipima jambo upya. Msingi wake ni kwamba mara nyingi kinachotuumiza si jambo lenyewe pekee bali pia maana tunayolipa, na maana hiyo tunaitoa upesi mno kiasi kwamba hatujui kwamba tumeitoa. Chukua mfano. Unavuka daraja la wapita njia pale steji ya Juja, jirani yako anakuja kutoka ng'ambo, mnapishana bega kwa bega, naye hakusalimu. Moyo unakuruka. "Kumbe ananidharau! Ni kwa sababu amenunua gari." Unafika nyumbani umenuna. Jioni unasikia kwamba mama yake amelazwa Thika na alikuwa akienda kumwona. Hasira inayeyuka saa hiyo hiyo, na pengine unaona haya. Jirani ni yule yule na daraja ni lile lile. Kilichobadilika ni hukumu yako.

Wako watakaosema kwamba huku ni kujidanganya. La hasha. Kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni kujiambia kwamba mambo ni mazuri ilhali unaona yameharibika. Kulipima jambo upya ni kurudi kwenye hukumu uliyoikata kwa haraka na kuuliza ushahidi wake uko wapi. Ukiupata, hukumu ibaki. Aghalabu hutaupata wote.

Tena usidhani haya ni mambo ya kina James wa Marekani tu. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Nairobi na za kaunti yetu hii ya Kiambu, ukiwahusisha vijana 413 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Uliendeshwa na taasisi ya Shamiri, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Mkenya Tom Osborn, aliyesoma Alliance High School kisha Harvard. Vijana walikutana kwa vikundi mara nne tu, kikao kimoja kwa juma. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana wenzao waliokwisha kumaliza sekondari na kupewa mafunzo mafupi.

Walifundishwa nini? Walifundishwa kwamba uwezo wa mtu hukua kadiri anavyojaribu na kubadilisha mbinu. Walifundishwa kutambua mema waliyo nayo ya kushukuru, na kutaja mambo wanayoyathamini maishani. Hilo la kwanza ni ndugu wa karibu wa kulipima jambo upya. Kijana aliyekuwa akiiona alama ya D kama cheti cha upumbavu hufundishwa kuiona kama habari ya mahali alipofika kwa sasa. Kundi jingine la vijana lilifundishwa mbinu za kusoma na kuandika muhtasari, nalo lilipata nafuu kiasi, lakini wale wa Shamiri walipata nafuu zaidi, na miezi saba baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo.

Narudi kwa mdogo wangu na giza lake.

Nilipowasha taa ile jioni ya nne, nilitamani kumketisha nimhubirie. Bahati nzuri nilijizuia. Mtu anapowaka moto, hana nafasi ya kupima lolote. Mwaka wa 2011 mtafiti Gal Sheppes na wenzake waliwapa watu nafasi ya kuchagua wenyewe njia ya kujituliza. Uchungu ulipokuwa mdogo, wengi walichagua kulipima jambo upya. Ulipokuwa mkali, wengi walichagua kwanza kuyaondoa mawazo yao pale na kufikiria kitu kingine kabisa. Hata wewe unajua: aliyetoka kufukuzwa kazi sasa hivi haambiwi atafute faida yake. Anapewa maji ya kunywa.

Kwa hivyo nilimwambia avae viatu twende tukale chapati na madondo. Tulitembea polepole katikati ya msongamano wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, wauza mahindi ya kuchoma na bodaboda zisizojua kungoja. Hatukuzungumzia mtihani. Tulibishana kuhusu mpira, ambao mimi siujui, na labda ndiyo sababu alianza kuchangamka. Alikula chapati mbili. Njiani kurudi ndipo nilipomuuliza, "Ile karatasi ya matokeo ilikuambia nini?"

"Iliniambia mimi ni mjinga, dada."

Nikamwomba simu, tukasimama chini ya taa ya duka moja, nikaifungua ile karatasi. "Hapa pameandikwa 36," nikamwambia. "Neno mjinga liko wapi? Hebu nionyeshe mstari."

Alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu. Kisha tukaanza kuhesabu. Alama ya kupita ni 40. Muhula ule alikuwa akifanya kibarua cha usiku katika duka moja la kuchapisha karatasi, na kwa ajili ya hicho kibarua alikuwa amekosa vipindi kadhaa vya asubuhi vya somo hilo hilo. Nami nilimjua tu kama kijana anayependa kuchelewa kurudi! Kwa nini kibarua? Kimya. Nilipombana akasema hakutaka kumwomba Baba pesa za matumizi tena, kwa sababu kila akipiga simu alikuwa akisikia zizi limenyamaza.

Msomaji, nilishindwa kusema. Hiyo 36 niliyokuwa nimeikemea haikuwa uzembe wala ujinga. Ilikuwa bei ya mapenzi ya mtoto kwa babake. Somo bado alikuwa ameanguka, na ilimbidi alirudie, hilo halikubadilika. Lakini kijana aliyeanguka kwa sababu ni mjinga na kijana aliyeanguka kwa sababu alibeba mizigo miwili hawalali usingizi mmoja.

Hapo ningefunga hadithi nikajipiga kifua. Lakini nilitaka kuharibu. Tulipofika kwenye lile somo jingine, lenye kistari kitupu, nilianza kulipaka rangi nalo. Nikamwambia labda ni mpango wa Mungu apumzike mwaka mmoja, labda milango mingine itafunguka. Alisimama katikati ya njia akanitazama. "Lakini dada," akasema, "mtihani huo niliufanya. Nilitia sahihi."

Alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nimekosea, tena kosa ambalo watafiti wamekwisha kulionyesha. Mwaka wa 2013 Allison Troy na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa wamepatwa na misukosuko ya maisha. Wale waliokabiliwa na mambo yasiyokuwa chini ya uwezo wao, walipokuwa hodari wa kuyapima upya, walikuwa na huzuni kidogo. Lakini kwa wale ambao mambo yao yangeweza kurekebishwa, ustadi huo huo uliandamana na huzuni zaidi. Haishangazi. Paa likivuja, huhitaji fikira mpya kuhusu mvua, unahitaji fundi. Hasira inayokupeleka kwa fundi usiizime.

Hili nalisisitiza kwa sababu somo hili hupendwa sana na wanaofaidika na utulivu wa wengine. Mwajiri aliyezuia mishahara ya miezi mitatu akiwaletea wafanyakazi mtaalamu wa kuwafundisha kufikiria mema, msikilizeni kwa adabu kisha mwulizeni mishahara iko wapi. Mama anayepigwa na mumewe hana wajibu wa kuipima ngumi upya. Aondoke, na sisi majirani tumfungulie mlango.

Basi usiku ule tuligawa matatizo mafungu mawili. Fungu la 36 tulilipima upya. Fungu la kistari tuliliacha na hasira yake yote, ila tukaipa hasira hiyo kazi: kutafuta kadi ya mtihani, kuandika barua, kujua ofisi ya kuanzia.

Kina baba na kina mama, nina neno nanyi pia kuhusu wadogo, maana mtoto hutoa hukumu kali kuliko mtu mzima naye hana mtu wa kukatia rufaa. Mwaka wa 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bungoma, na Moshi nchini Tanzania, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi wote wawili. Washauri waliofundishwa, ambao si madaktari, waliwasaidia kuyataja mawazo yaliyowatafuna na kuyatazama upya pamoja na walezi wao. Yeyote aliyewahi kuishi na yatima anayajua mawazo hayo: kwamba mama alikufa kwa sababu nilimsumbua, kwamba ningekaa karibu na kitanda asingeondoka. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi ya zile za watoto waliopata huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, na baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilikuwa imedumu katika maeneo ya Kenya. Haikuwa hivyo kila mahali, na si ajabu, kwa kuwa moyo wa mtoto si mashine.

Mtoto wako akirudi na ripoti mbaya ya shule, muulize anadhani ile alama inasema nini juu yake. Muulize kabla hujapandisha sauti. Na akilia, mwache alie kwanza. Vilevile, huzuni ikizidi majuma mawili, mtu asilale, asile, au aanze kusema kwamba heri asingekuwepo, hayo si ya kupimwa upya kwenye kibanda cha chapati. Mpelekeni hospitalini mara moja, na msimwache peke yake.

Jumapili ile baada ya kanisa, mdogo wangu alimpigia Baba simu. Aliiweka sauti juu ili nami nisikie, nadhani kwa kuogopa kubaki naye peke yake. Alimwambia yote: ile 36, kile kistari, kibarua cha usiku. Upande wa pili ukawa kimya. Nilisikia jogoo akiwika, na mlango wa mabati ukigongwagongwa na upepo.

"Umekula?" Baba akauliza.

"Nimekula, Baba."

"Yule ng'ombe alikuwa wangu. Niliamua mimi kumuuza, si wewe. Usinibebee." Kisha akaulizia bei ya viazi huku Juja, akalalamika kwamba madalali wanawapunja, akakata simu.

Kijana aliiacha simu mezani, akatoka nje akaketi kwenye ngazi, akalia sana. Safari hii sikumwambia ajikaze. Nilimpelekea chai nikarudi ndani.

Kesho yake saa kumi na mbili unusu asubuhi alikuwa steji akingoja matatu, kadi ya mtihani na barua zikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Hadi ninapoandika haya amekwisha kwenda ofisini mara tatu. Mara ya mwisho walimwambia arudi Alhamisi, naye aliwauliza Alhamisi ya tarehe ngapi, akaiandika mbele yao.